Saa Niliyoiandika Asubuhi

Nilisoma mpaka darasa la nne. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba niliwahi kutibu majeruhi wanafikiri nilikaa chuoni. Sikukaa. Shule yetu ya milimani, kule Kivu ya Kusini, ilifungwa mwalimu alipokimbia vita, nami nikarudi kuchunga ng'ombe wa baba. Nilichojua baadaye nilikitafuta mwenyewe: kudunga sindano, kushona nguo, kuendesha ile mashine ya kuinua mizigo katika ghala la Jeffersontown, ambako nilifanya kazi miaka kumi na tisa bila kuangusha hata boksi moja. Watoto wangu wana vyeti vya kujaza ukuta. Ukuta ni wangu.

Mwaka juzi, baada ya ibada, mama mmoja wa kwaya yetu hapa Louisville akaja na habari ya kibarua cha siku moja. Wanajeshi walitaka watu wa kulala chini na kujifanya wamejeruhiwa, ili matabibu wao wa vita wajifunze kazi. Walitaka hasa watu wa lugha za mbali, vijana wazoee kumtibu mtu anayelia kwa maneno wasiyoyajua.

"Muzee, utaweza?" akaniuliza. "Ni kulala tu na kupiga kelele."

"Kulala naweza. Kelele, muulize mke wangu."

Watu walicheka. Mke wangu hakucheka. Yeye anajua nilikotoka, na aliniangalia kwa jicho la kusema usiende. Nikaenda.

Uwanja ulikuwa nje ya mji, nyasi zimekatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi. Binti wa kupaka rangi akanitengenezea jeraha kwenye paja la kulia. Alitumia kitu kama nta, kisha akamwaga damu ya uongo iliyonukia sharubati. Nzi wakaja, nao hawakujua kwamba ni uongo.

"Inafanana?" akaniuliza.

"Ndani ni nyeusi zaidi," nikamwambia.

Akaongeza nyeusi. Akarudi nyuma hatua moja, akatazama, akaongeza tena kidogo pembeni. Hapo nikaacha kusema, kwa sababu jeraha lile lilikuwa limeanza kufanana na moja ninalolijua.

Kwanza walituweka ndani ya chumba kimya. Mkufunzi wao alikuwa mwanajeshi wa makamo, saa ya kupimia imening'inia shingoni. Kufunga vidonda walikuwa wamekwisha kujifunza. Siku ile alitaka kuona wanavyojaza kadi. Kila majeruhi anafungiwa kadi: ameumia wapi, amepewa dawa gani, mkanda wa kukaza damu umefungwa saa ngapi. Kadi ndiyo itakayosema na daktari huko mbele, majeruhi akiwa hawezi kusema. Mle chumbani vijana waliandika haraka, herufi zimesimama wima. Binti mmoja mwembamba, nywele amezibana nyuma, alimaliza wa kwanza kila mara, na mkufunzi hakupata kosa kwake.

Halafu tukatolewa uwanjani, wakafungulia vipaza sauti. Milio ya risasi. Helikopta isiyokuwepo. Moshi mzito ukitambaa chini kwenye nyasi. Nilijua kwamba ni mchezo. Mwili wangu haukujua, ulijikunja wenyewe.

Nikiwa nimelala nikawa natazama wanavyoandika sasa. Kijana mmoja alimfunga jirani yangu vizuri kabisa mguu wa kulia, akaandika kushoto. Mwingine aliandika kama anachonga jiwe, neno moja, anageuka nyuma, neno jingine. Mwingine alimaliza upesi kupita alivyofanya chumbani, na kadi yake ilikuwa nusu tupu. Nafasi iliyobaki tupu mara nyingi ilikuwa ile ya saa. Mkufunzi alipita akikusanya, akibonyeza saa yake, akitikisa kichwa. Ningemwambia bila kupima chochote. Hofu ikiingia, mkono unakumbuka kufunga, jicho linakumbuka damu, lakini saa inatoka kichwani bila kuaga.

Ndipo yule binti mwembamba akanifikia mimi. Alinikaza mkanda pajani mpaka nikauma meno kweli. Tulikuwa tumeagizwa tulie kwa lugha zetu, basi nikalia: "Usiuache mguu wangu hapa! Dokta, usiuache!"

Maneno hayo sikuyapanga. Yalikuwa ya mtu mwingine, na nilikuwa sijayasikia miaka mingi.

Binti akaingiza mkono mfuko wa kifuani, akatoa kadi, akaandika jeraha, akanifungia kwenye kifungo cha shati, akakimbilia mwingine. Saa sikumwona akiiandika. Nikainua kadi. Jeraha: paja la kulia. Mkanda: 1430. Kwa hesabu yao ya jeshi hiyo ni saa nane na nusu mchana.

Nikatazama mkono wangu. Ilikuwa saa tano kasorobo, asubuhi.

"Aliyenipa ng'ombe!" nikasema kwa sauti.

Nieleze kiapo hicho. Kwetu milimani mtu akikupa ng'ombe, kuanzia siku ile unaapa kwake. Ukishtuka, ukitaka kuaminiwa, ukikataa jambo, unamtaja aliyekupa ng'ombe. Uongo juu ya kiapo hicho ni kumtukana yeye na mnyama wake. Mimi nilipewa mtamba mmoja tu, nikapewa na mtu mmoja tu, na nimeapa kwake zaidi ya nusu ya maisha yangu.

Walipozima sauti nilimwita yule binti pembeni, kwa Kiingereza changu cha ghalani.

"Saa ya kadi hii, umeiandika lini?"

Uso wake ukapauka. "Tafadhali, bwana. Usimwambie mkufunzi."

"Lini?"

"Kwenye gari, tukija. Kukiwa na kelele vidole vyangu haviwezi namba. Nikaandika za asubuhi mfuko huu na za mchana mfuko huu. Nimechanganya mifuko."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna. Niligundua mwenyewe."

Na mimi niligundua mwenyewe.

"Zilizobaki zichane," nikamwambia. "Zote. Mbele yangu."

Akazichana. Hakuuliza kwa nini, labda aliniona uso. Ile moja iliyokuwa kifuani kwangu niliondoka nayo.

Sasa niseme la kwangu.

Vita vilipofika milimani kwetu, zahanati ilikuwa na mama muuguzi mmoja na sanduku la dawa lililokuwa linakwisha. Akanichukua mimi kwa sababu sikuogopa damu. Alinifundisha kumfunga mtu anayevuja kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na akanifundisha sheria moja kubwa kuliko zote: ukifunga, andika saa kwenye plasta, mbandike kwenye paji la uso. Wabebaji watamteremsha kwa machela mpaka hospitali ya bondeni, na daktari wa huko ataangalia paji la uso kwanza. Mguu uliofungwa kwa muda mfupi anaweza kuufungua. Uliofungwa kutwa umekwisha kufa, na sumu yake ikirudi mwilini itamuua mwenyewe, kwa hiyo anaukata.

Mimi mwandiko wangu ulikuwa mzuri lakini wa polepole. Darasa la nne. Risasi zikilia, kalamu ilikuwa inacheza mkononi kama samaki. Lakini niliona kwamba mapigano yalianza karibu kila siku saa tatu, ukungu ukiondoka mabondeni. Kwa hiyo asubuhi, kukiwa kimya, nikawa nakaa kwenye kizingiti na kuandika plasta kabisa: Saa 3, Saa 3, Saa 3. Nazipanga ndani ya kifuniko cha sanduku, safi, zimenyooka. Nilijiona mwerevu. Mama muuguzi alisifu mwandiko bila kujua umeandikwa lini, au hivyo ndivyo nilivyodhani.

Wanawake waliopita kwenda mtoni walijua. Mmoja alisimama akanitazama.

"Uko naandika nini weye?"

"Saa ya watu watakaoumia."

"Na hawajaumia?"

"Bado."

Akaweka mtungi chini. "Donc, kumbe unawaita."

Kuanzia siku hiyo alizunguka kwa njia ya migomba, na wengine wakamfuata. Nikawacheka. Ila jambo moja sikulicheka: kila asubuhi niliandika idadi fulani ya plasta, na mara nyingi jioni kifuniko kilikuwa kitupu.

Siku ninayoisema, asubuhi yote ilipita kimya. Ukungu uliondoka, saa tatu ikaja ikapita, watu wakala. Mapigano yalikuja mchana. Rafiki yangu aliletwa kwangu amebebwa mabegani, paja la kulia limefumuka. Huyu tulichunga naye, tulitahiriwa siku moja, tulikula sahani moja. Nikamfunga mpira. Alikuwa ananishika kola. "Usiuache mguu wangu hapa! Dokta, usiuache!" Nikaangalia saa ya zahanati iliyokuwa mkononi mwangu. Saa nane na nusu. Niliiona. Mpaka leo naiona, na ule mshale mwembamba ukizunguka.

Halafu mkono wangu ukaenda kwenye kifuniko, ukabandua plasta, ukaibandika kwenye paji lake la uso. Saa 3.

Sikuona kosa. Niligundua nilipofungua sanduku kwa majeruhi aliyefuata, nikakuta pengo kwenye mstari. Wabebaji walikuwa wameondoka muda mrefu kidogo. Ningeweza kuwakimbilia, nilikuwa na miguu, yote miwili. Nilijiambia kwamba kuna wengine wawili wanavuja mbele yangu. Ni kweli walikuwepo. Ni kweli vilevile kwamba niliona aibu watu wajue Dokta wao anaandika uongo asubuhi.

Walimfikisha bondeni saa kumi na mbili jioni. Daktari akasoma paji la uso, akahesabu kutoka saa tatu asubuhi, akaukata. Kutoka saa nane na nusu ni muda wa saa tatu na nusu tu. Sijui kama mguu ungepona. Huenda angeukata tu. Nimeligeuza jambo hili kila upande na halijawahi kukaa.

Baada ya miezi rafiki yangu alipanda mlima kwa magongo. Nyuma yake ndugu zake walikuwa wanaswaga mtamba mweupe mwenye doa shingoni.

"Huyu ni wako," akasema mbele ya watu. "Mguu umekwenda, lakini uhai uliufunga weye."

Nikampokea mtamba. Naandika hivyo hivyo: nikampokea. Akazaa, na ndama wake wakazaa. Nilipokimbia nchi ndama wawili waligeuka kuwa cherehani, na cherehani ikalisha watoto wangu kambini, na watoto wale ndio wenye vyeti ukutani. Nikisema nimejijenga mwenyewe, watu wanapiga makofi. Chini ya ukuta kuna ng'ombe, na chini ya ng'ombe kuna plasta.

Wiki moja baada ya siku ile ya uwanjani simu ikalia. Alikuwa yeye, rafiki yangu. Anaishi Cheektowaga, kule Buffalo, jirani na uwanja wa ndege.

"Dokta! Wananiweka mzee wa kanisa. Uje usimulie ng'ombe."

Hiyo nayo ni desturi. Aliyepewa anasimama mbele za watu, anasema ng'ombe alitoka kwa nani, kwa sababu gani, na amezaa nini. Hapo haongezi wala hafichi.

"Nitakuja," nikasema.

"Apa."

"Kwako wewe aliyenipa ng'ombe, nitakuja."

Nikaenda peke yangu kwa gari, kadi ile ndani ya Biblia kwenye kiti cha pili. Mke wangu aliuliza jambo moja tu: "Utamwambia?" Alikuwa anajua tangu kambini. Nikawasha gari.

Njiani, mjini Columbus, niliingia kupumzika kwa mama muuguzi. Sasa ni mzee sana, anaishi na binti yake anayefanya kazi ya kutunza wazee wa watu, kisha anarudi nyumbani kumtunza wake. Ilikuwa mchana mweupe, mapazia yamefunguliwa. Mama alikuwa amekaa wima kwenye kiti, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi. Sikuwa nimefika hata katikati ya sebule.

"Umemfunga saa ngapi?" akasema.

Nikasimama. "Nani, mama?"

"Yule wa mguu. Umemfunga saa ngapi?"

Binti yake akacheka kwa uchovu. "Baba, usishtuke. Anamuuliza kila anayeingia. Mleta barua anaulizwa. Fundi wa bomba aliulizwa, akakimbia. Hata pasta."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kusahau. Mengine yote yamekwenda, jina langu lilikwenda. Hilo limebaki."

Mama alikuwa bado ananitazama. Macho yake yalikuwa na utando, lakini yalinilenga sawasawa, kwenye paji la uso.

"Umemfunga saa ngapi?"

Nikapiga goti mbele yake. Mimi sipigi goti ovyo. "Saa nane na nusu, mama."

Akafumba macho. Pumzi ndefu ikamtoka, mabega yakashuka. "Basi kaandike," akasema. Akalala palepale kwenye kiti.

Binti alikuja na chai akasimama mlangoni na sinia. "Umemwambia nini? Huwa hatulii."

"Nimemjibu."

"Sote tunamjibu. Pasta alimwambia saa sita, mimi nimemwambia saa zote."

Sikuimaliza chai. Njiani kuelekea Buffalo nilijikuta mara tatu naangalia kioo cha ndani, naangalia paji langu la uso. Hakukuwa na kitu.

Nilifika Cheektowaga kesho yake, Jumamosi, kabla ya saa saba. Ndege zinapita chini sana pale. Vikombe vinalia kabatini kila moja ikitua, na wenyeji hawanyanyui hata kichwa. Rafiki yangu alinipokea mlangoni kwa magongo, amenenepa, amekuwa na mvi kama mimi. Mguu wake wa bandia ulikuwa umesimama peke yake kando ya kochi, umevaa soksi na kiatu kilichopigwa rangi.

"Huyo hasalimiwi?" akasema. "Ni wa kanisani huyo, usimguse. Kesho anatawazwa pamoja na mimi."

Mke wake alitupakulia ugali, sombe ya majani ya mihogo, na samaki, akatoka kwenda kupamba kanisa. Tulikula, tukacheka, tukataja waliokufa. Mara mbili nilifungua mdomo kusema, na mara mbili ndege ikapita.

Alipokuwa ananawa, akainua mkono wake uliolowa.

"Ngoja. Huyo anakuja."

"Nani?"

"Mguu."

Akaegemea nyuma. Uso ukakaza, jasho likatokea juu ya mdomo. Mkono wake ulishuka ukapapasa hewa, mahali ambapo goti lingekuwa, ukalikanda goti lisilokuwepo. Niliona vidole vikizunguka kitu. Sitadanganya: vilizunguka kitu.

"Kila siku," akasema akiwa ameuma meno. "Muda wa kuchemsha chai, halafu anakwenda. Tangu hospitali. Kambini alikuja, kwenye ndege aliniacha, kumbe alitangulia. Nilipofika hapa akaanza kufuata saa ya hapa. Kila mwaka wenyeji wakisogeza saa zao mbele, naye anasogeza. Hakosei. Mke wangu anapika kwa kufuata saa yake." Alijaribu kucheka. "Daktari wa hapa anasema ni mishipa. Bon, sawa, mishipa. Lakini mishipa ilinunua saa wapi?"

Nikageuza kichwa polepole kuelekea saa ya ukutani.

Saa nane na nusu.

Yeye hakuwahi kuijua saa ile. Siku ile hakuwa anajua kusoma, na hata angejua, plasta iliyokuwa kwenye uso wake ilisema saa tatu. Aliyeiona saa ile duniani ni mimi peke yangu. Nilifungua Biblia, nikatoa kadi, nikaiweka mezani kati ya mifupa ya samaki.

Sasa anasoma, alijifunza kambini. Akainama. "Paja la kulia. Mkanda, kumi na nne na thelathini." Akainua macho. "Hii ndiyo saa yake. Umeipata wapi?"

Nikamwambia. Nilianza na binti wa uwanjani, nikapanda mpaka kizingiti cha zahanati, kifuniko, wanawake wa mtoni, pengo kwenye mstari, na jinsi ambavyo sikukimbia. Sikupunguza. Ndege mbili zilitua nikisema, nikawa naongea juu ya mlio wao. Mwisho mguu wake ulikuwa umekwenda; nilijua kwa kuwa mkono uliacha kukanda, ukabaki wazi.

"Asubuhi," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi niko nakunywa uji nyumbani kwangu, na weye uko naandika mguu wangu."

"Sikuwa nimeandika jina."

"Eh! Asante kwa kuacha nafasi."

Sikucheka, naye hakunitaka nicheke. Akaivuta kadi, akaifuta mafuta ya samaki kwa kidole gumba.

"Ungekimbia, ungewapata?"

"Wabebaji walikuwa na machela. Ningewapata."

Nilitamani anitukane, mtu akikutukana unajua umesimama wapi.

"Ng'ombe simudai," akasema hatimaye. "Alikufa, na weye ulimvaa, ulimula, ulimusomeshea watoto. Lakini usiape kwangu tena. Tangu leo. Ukishtuka, shtuka peke yako."

"Nimesikia."

"Na kesho utasimama. Utasimulia habari yote ya ng'ombe, na pengo la kwenye mstari."

Nilisimama. Mbele ya kanisa lililojaa, watu waliotarajia vigelegele, nilisema alivyotaka. Mara tatu kiapo kilinijia mdomoni, kwa mazoea, na mara tatu nikakimeza. Ni jambo gumu kusema kweli bila cha kuapia. Unasikia sauti yako iko uchi. Hakuna aliyepiga kigelegele. Rafiki yangu alisimama kwenye mguu wake wa kanisani, akatawazwa, akanipa mkono kama alivyowapa wageni wengine, si zaidi.

Jumatatu nilikuwa nimerudi Louisville. Saa nane na nusu simu ikalia.

"Amekuja," akasema. "Andika."

"Niandike nini?"

"Saa. Kila siku akija nitakupigia, na weye utaandika palepale. Siyo asubuhi."

Akakata.

Nina daftari la watoto wa shule, la mistari. Tangu siku ile mpaka leo halijawa na pengo. Simu inalia, nashika kalamu, naandika saa nane na nusu na tarehe yake. Haulizi habari za nyumbani, nami siulizi. Mkono wangu, hata kama uzee umeutia mtetemo, naushikilia kwa mkono mwingine mpaka namba isimame. Mke wangu anasema nimekuwa kama karani wa mzimu. Mimi namwambia ni kazi, na kazi sijawahi kuikwepa ila mara moja.

Leo asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba yangu, nakunywa chai, barabara kimya. Simu ikalia. Nilidhani ni mwanangu.

"Amekuja," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Dokta, leo amekuja mapema. Ni saa ngapi kwako?"

Ni mara ya kwanza kuniita Dokta tangu siku ile ya samaki. Nikatazama ndani, saa ya ukutani. Nilijua kabla sijaiona.

Saa tatu kamili.

"Hajawahi," akasema. "Weye, hajawahi. Uliandika kitu?"

Miaka yote ile ningemwapia kwake yeye mwenyewe. Sasa sina cha kuapia.

"Sijaandika," nikasema. "Daftari limefungwa."

Nilimsikia akikanda hewa, kitambaa cha suruali kikisuguana.

"Basi andika sasa," akasema. "Ninakaa na simu mpaka umalize."

Nikalifungua daftari juu ya goti la kulia, nikaandika: Saa 3.